Pip anachapwa, sisi tunacheka. Ni sawa?

Msomaji_Usiku
Nimerudia sura za mwanzo za Great Expectations, riwaya ya Mwingereza Charles Dickens, ile iliyoanza kutoka jaridani kipande kwa kipande Desemba 1860. Pip ni yatima, analelewa na dada yake aliyeolewa na Joe, mhunzi. Dada ana henzerani iliyolainika kwa kumpiga huyo mtoto, na imepewa jina: Tickler, yaani Mtekenyaji. Nilicheka. Halafu roho ikanisuta. Je, mwandishi anatuchekesha ili tuyaone mateso ya mtoto, au ili tusiyaone? Mimi nasema ili tusiyaone. Karibuni.

Kalamu_Nzito
Umesoma haraka. Anayesimulia ni Pip aliyekwisha kuwa mtu mzima. Mwili uliochapwa ni wake, kwa hiyo na kicheko ni chake. Tazama pale makaburini: anakisia sura ya baba yake kwa umbo la herufi za jiwe, na anaamini ndugu zake wanne waliokufa walizaliwa chali, mikono mifukoni. Unacheka, kisha unagundua kuwa yale mawe ndiyo wazazi na ndugu anaowajua, ukimtoa dada.

Mzee_wa_Zamani
Mnalialia sana siku hizi. Mimi nililelewa kwa fimbo na nimekuwa mtu. Yule dada alimpita Pip zaidi ya miaka 20, angeweza kumtupa. Alimlisha, akamvisha. Mbona hilo hamlisemi?

Binti_Vitabu
Kalamu, ni watano, si wanne. Na pale Cooling, Kent, kanisa ambalo husemwa ndilo lililompa Dickens wazo, kuna makaburi 13 ya watoto. Anayetaka kutia chumvi huongeza, huyu alipunguza. Sasa Msomaji atuambie, mtu wa kuficha mateso hufungua kitabu na makaburi ya watoto?

Msomaji_Usiku
Mzee, shikamoo. Neno la kulialia limeniuma. Nyumba niliyokulia fimbo iliitwa Daktari. Wageni walikuwa wakinikuta na alama wananiuliza, "Leo daktari amekupitia?" na sebule nzima inacheka, na mimi nacheka nao, maana ningefanyaje? Ndiyo sababu nililiona lile jina Tickler kabla ya kitu kingine chochote. Fimbo ikishapewa jina la mchezo, mtoto hana tena pa kulalamikia.

Mzee_wa_Zamani
Marahaba. Pole kwa hayo. Lakini walikulisha au hawakukulisha?

Mtafsiri
Mzee, hapo hapo kwenye kulisha ndipo kichekesho kilipo. Majirani wanamsifu dada kwamba amemlea mtoto "kwa mkono". Kwa Kiingereza cha wakati ule maana yake ni kumlisha mtoto kwa chupa au kijiko badala ya ziwa. Pip haijui maana hiyo. Anaujua mkono wenyewe wa dada, ulivyo mzito na ulivyozoea kumshukia yeye na mume wa dada, basi anahitimisha kwamba yeye na Joe wote wawili wamelelewa kwa mkono! Sifa inamgeukia mlezi bila mtoto kumtukana mtu. Na sifa hiyo unayoirudia hapa ndiyo ileile aliyokuwa akiiimba Pumblechook.

Mzee_wa_Zamani
Unaniita Pumblechook? Yule mfanyabiashara wa nafaka aliyekuja kudai kwamba utajiri wa Pip umeletwa na yeye? Futa hiyo kauli.

Mtafsiri
Sikukuita, nimesema sifa zinafanana. Rudi kwenye meza ya Krismasi. Wakubwa wanamsimanga mtoto awe na shukrani, wanamlinganisha na nguruwe mbele ya sahani yake. Joe hathubutu kusema neno, kwa hiyo kila Pip akisimangwa anamwongezea mchuzi. Mchuzi, tena mchuzi. Sijui mwandishi mwingine aliyeonyesha huruma ya mtu mwoga kwa kijiko namna hiyo.

Binti_Vitabu
Huruma gani? Joe mnamdekeza mno! Mtu mwenye mikono ya kukunja chuma anaangalia mtoto akipigwa, anaongeza mchuzi! Mimi nikifika hapo sicheki kabisa.

Kalamu_Nzito
Joe ameeleza mwenyewe. Baba yake, mhunzi mlevi, alimpiga yeye na mama yake. Anasema mzee alimfua yeye kwa bidii iliyolingana tu na bidii aliyotumia kutoifua fuawe. Ameapa asimkosee mwanamke, hata kama kosa litaangukia upande mwingine. Huo upande mwingine ni mgongo wa Pip, na Joe anakiri, anamwambia Pip kwamba angependa angeubeba yeye mwenyewe.

Msomaji_Usiku
Hiyo ya fuawe nilikuwa nimeisahau. Anayetania hapo ndiye aliyepigwa. Kidogo naanza kuwaelewa, ingawa Tickler bado sijamsamehe.

Binti_Vitabu
Mimi sijaelewa. Kiapo cha Joe kimelipwa na mtoto.

Mzee_wa_Zamani
Mmemshambulia dada mpaka basi, na hakuna aliyekumbuka mwisho wake. Alipigwa kichwani, akapotewa na usemi miaka. Alikufaje vile?

Mtafsiri
Sura ya 35. Mazishi yenyewe ni vichekesho: Trabb, fundi wa nguo, anawapanga waombolezaji wawili wawili na kuwaamuru watoe leso. Halafu Biddy, msichana aliyekuwa akimuuguza dada, anamweleza Pip saa za mwisho. Dada alimwekea Joe kichwa begani, akatamka "Joe", kisha "Nisamehe", na mara moja, "Pip". Hapo Dickens hakuweka utani wowote.

Mzee_wa_Zamani
Nimeifungua, nasoma. Na ile ya Pumblechook bado naomba uifute.