Mrejesho: kwenda nilitapika, kurudi nikapona

Wakuu, ni mimi niliyeuliza nifanye nini nisitapike kwenye boti, safari ya mwendo wa saa nne. Nimerudi.

Kwenda nilijiharibia mwenyewe. Mlisema dawa ya kuzuia kutapika imezwe saa moja kabla ya safari. Mimi nikasubiri hadi kichefuchefu kianze, nikaimeza, nayo ikatoka na kila nilichokula. Tena nilikuwa nimejifungia chini, macho kwenye simu. Aliyenieleza kwamba sikio la ndani linahisi mwendo huku macho yakiona chumba kimetulia, ubongo ukachanganyikiwa, sasa nimemwelewa kwa vitendo!

Kurudi nilimeza dawa hiyo, dimenhidrineti, mapema, nikala kidogo tu, nikakaa juu katikati ya boti, maana kule omo, yaani mbele ya boti, mtu anarushwa kweli. Macho kwenye upeo wa bahari, upepo usoni. Mawimbi yalikuwa yale yale, ila sikutapika hata mara moja. Kigegezi kilininyemelea nilipochungulia ujumbe. Simu nikairudisha mfukoni upesi.

Tangawizi nilitafuna pia, ikanituliza tumbo kiasi. Mkanda wa mkononi, ule wa kubana kifundo ili kuzuia kichefuchefu, sikuona faida yake. Ila dawa inaleta usingizi jamani, kwa hiyo anayeendesha chombo asiiguse kabla ya kumuuliza daktari.