Naomba ushauri: hasara ya mudharaba hii (ubia ambao mmoja hutoa mtaji, mwingine hufanya kazi) ni ya nani?

Asalaam alaykum ndugu zangu. Mwaka jana nilimpa binamu yangu milioni 4 auze vitenge Kariakoo, faida tugawane nusu kwa nusu. Tuliandikiana kwenye kaunta buku, mbele ya mashahidi wawili. Masika maji yakaingia stoo, marobota yakaota ukungu, mtaji umebaki milioni 2 na laki 6.

Mama anataka binamu alipe nusu. Lakini mafakihi (wanazuoni wa sheria ya Kiislamu) wa madhehebu yote manne ya Sunni wanasema hasara ni ya mwenye mtaji, mfanyakazi amekwishapoteza jasho lake, ila akizembea. Hapo ndipo nimekwama: bati lilikuwa linavuja tangu Februari, naye alijua. Je, huo ni uzembe? Na benki za Kiislamu leo zinaupimaje? Sitaki kumdhulumu, wallahi.