Naomba ushauri: nijifunzeje "get"?

Mapokezi_Nungwi
Wakuu, habari za jioni. Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli huku Nungwi na nataka Kiingereza changu kikae sawa kabla msimu wa wageni haujachanganya. Shuleni "get" tuliambiwa ni kupata, basi. Huku mgeni akisema "I don't get it", haelewi. "We got in late", walichelewa kufika. Wakimaliza kula mmoja anasema "I'll get this", kumbe atalipa yeye! Nimeanza kuandika orodha, haiishi. Nikariri zote?

Mwalimu wa Jioni
Mdogo wangu, orodha iweke pembeni, tazama kinachofuata. Kikija kitu, mara nyingi ni kupata, kupokea au kuleta: "get me a towel". Pakija mahali, ni kufika: "get home". Kazi iko kwenye vivumishi: "get tired", "get angry", "get wet", "get rich". Sisi tuna vitenzi vyake: "choka", "kasirika", "lowa", "tajirika". Mwingereza anachukua "get" anaipachikia sifa, kwa hiyo ukilazimisha "kupata" hapo hutatoka. Ipambanue na "be": "I'm tired", nimeshachoka, "I'm getting tired", naanza kuchoka.

BintiTanga
Naongezea. Ikifuatwa na "robbed", "paid", "hurt", ni ile -wa yetu: kuibiwa, kulipwa, kuumizwa. Ila kwa kazi yako, dada, shika hii: "Can you get someone to fix the shower?" Mgeni anataka utume fundi atengeneze bomba la kuogea. Na hiyo "to" usiidondoshe: "get him to call", ingawa "make him call" haina.

Mbeba Maboksi Leeds
Huku Uingereza utasikia "it's got cold", Mmarekani atasema "it's gotten cold". Wote wako sahihi, usimsahihishe mgeni. Lakini "I've got two bags" ni kuwa nayo mabegi mawili, na hapo hata Mmarekani hatumii "gotten".

Karani Mstaafu
Mimi natahadharisha kwenye maandishi. Ukimjibu mgeni kwa barua pepe, "We have received your booking" inapendeza kuliko "We got your booking". Kwa mdomo, "get" itumie upendavyo.

Mapokezi_Nungwi
Asanteni sana, nimeshaanza kuona mwanga. Na "get on", "get off", "get over"?

Mwalimu wa Jioni
Hizo ndizo za kukariri, maana hako kaneno kadogo ndiko kanakobeba maana. Zishike kwa makundi. Basi, boti na ndege: unapanda "get on", unashuka "get off". Teksi: "get in", "get out". "Get over" ni kupona au kusahau machungu. Anza na za usafiri, wageni watakuuliza hizo kila siku.