GIF moja, kasi tatu tofauti: nani anasema kweli?

Swali

Wakuu, siku ya tatu leo nahangaika na mpira. Nimechora mpira unaodunda, fremu 60, nikaupangia fremu 60 kwa sekunde, yaani mdundo mmoja kwa sekunde moja. Kwenye programu niliyochorea uko sawasawa: unagonga chini, unabonyea kidogo, unaruka. Nikautoa kama GIF. Programu ya kutazama picha inaukimbiza hadi ule mbonyeo hauonekani, na ndio ulionikesha. Kwenye kivinjari unaelea kama uko majini. Nimeupima kwa saa: sekunde 6. Faili ni lile lile, sijaligusa. Vivinjari viwili, kompyuta mbili, hali ni hiyo hiyo. Nimwamini nani?

Jibu la 1

Mkuu, GIF haihifadhi "fremu kwa sekunde". Tangu toleo la mwaka 1989, GIF89a, kila fremu hubeba muda wake wa kusubiri, unaohesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde, na lazima iwe namba kamili. Wewe unahitaji 1.67 kwa kila fremu (100 ÷ 60). Haiandikiki. Nahisi programu yako imetupa desimali na kuandika 1. Programu ya picha imetii: 60 × 0.01 ni sekunde 0.6. Vivinjari vikubwa havitii. Vikikuta 0 au 1 huvichukua kama 10. Ndiyo 60 × 0.1, sekunde zako 6.

Chanzo ni cha zamani. Kulikuwa na matangazo ya kumetameta yaliyoandikwa 0 ili yaende kwa kasi yote ya mashine. Vivinjari vikafunga breki, na haijaondolewa hadi leo. Endesha `gifsicle --info` (gifsicle ni programu ya amri ya kukagua na kuhariri GIF) kwenye faili lako uone namba zenyewe.

Muuliza swali

Nimeendesha. Fremu zote 60 zina 0.01s. Asante sana, nilikuwa karibu kuchora upya kila kitu. Nimeweka 2 kote na sasa kivinjari na programu ya picha vinakubaliana. Lakini mdundo umefika sekunde 1.2, na mpira unaonekana umejazwa mchanga. Sikudhani 0.2 ingeweza kuubadilisha uzito hivyo.

Jibu la 2

Muda ukishagoma, badilisha idadi ya fremu. Fremu 50 zenye subira ya 2 ni sekunde moja kamili. Fremu 25 zenye 4, vilevile. Mimi hupanga mradi kwenye 25 au 50 kabla sijachora mstari wa kwanza. 30 ni mtego, maana inataka 3.33, ukilazimika, andika 3, 3, 4 kwa zamu.

Jihadhari pia ukiingiza GIF kwenye programu za kuhariri video. Zipo zinazopuuza muda wa kila fremu na kuzipa zote muda sawa. Nilikuwa na picha iliyotulia sekunde 2 kwenye fremu ya mwisho ili watu wasome maandishi. Ilipotoka huko utulivu wote ulikuwa umepotea, maandishi yakapita kama umeme. Kama huna lazima ya GIF, kuna aina nyingine za faili za picha zinazotembea: WebP hupima kwa milisekunde, na APNG hukubali sehemu, kwa hiyo 1/60 unaiandika kama ilivyo.

Muuliza swali

Lazima iwe GIF, ninakoipeleka hawapokei kingine. Nilijaribu 25 kwanza: mbonyeo uliokuwa wa fremu tatu ukabaki fremu moja, mpira ukawa mgumu kama jiwe. Nimehamia 50. Kwa hesabu mbonyeo ulitakiwa fremu mbili na nusu. Nimechora tatu, nikapunguza moja pale juu mpira unapokaribia kusimama, ambapo jicho halidai sana. Nimeupima tena kote kote: sekunde moja. Na unabonyea.