Ushauri: Tandiko la viraka vya kanga kwa ajili ya Idi, mkono uanze au cherehani?

Binti Ngamiani
Assalaam aleykum wanajamvi. Nataka kumshonea mama tandiko la viraka la kitanda cha tano kwa sita, alitandike asubuhi ya Idi wageni wakija. Nina kanga za zamani zilizolainika na mpya za dukani, ikiwemo kisutu, ile kanga yenye wekundu mwingi. Katikati nataka makorosho, yale maumbo ya korosho yaliyochorwa kwenye kanga, yakiwa yamekatwa, nikiyabandika juu ya kitambaa cheupe kwa mshono wa mkono. Kuunga vipande nitatumia cherehani ya miguu ya hapa nyumbani.

Naogopa wekundu wa kisutu kuingia kwenye nyeupe. Ncha ya korosho nayo nikiikunja, nguo inajikusanya. Na ndani niweke nini, kwa joto hili la Tanga?

Mama wa Cherehani
Waalaykum salaam mwanangu. Kabla ya mkasi, maji. Kanga mpya ina wanga wa kiwandani, na ikifuliwa inasinyaa. Ukiiunga na ya zamani bila kuifua, utakuja kufua tandiko zima mishono ijikunje. Fua kila moja peke yake, anika, piga pasi, ndipo upime.

Kibandaumiza
Loweka kisutu kwenye chumvi na siki, hakitachuja tena.

Fundi Mtulivu
Mkuu, hapo nakataa. Chumvi ina kazi yake wakati wa kutia rangi. Nguo iliyokwisha kuchapwa, chumvi na siki haviikamatishi rangi. Dada, kisutu kikishafuliwa, kiweke kibichi juu ya kitambaa cheupe ukipige pasi. Cheupe kikipata wekundu, rudi kwenye beseni. Kikiendelea kuchuja, kiache nje ya tandiko zima, maana hata ukikishonea pembeni, siku ya kufua vyote vinalowa pamoja.

Sasa korosho. Kata umbo lake kwenye karatasi ngumu ya boksi. Kata kanga ukiacha robo inchi ya kukunja kuzunguka umbo. Upande wa ndani wa mviringo, pale korosho inapojipinda, chanja kwa ncha ya mkasi, ukomee kabla ya mstari. Upande wa nje usichanje, piga bandi ndogo pembezoni (mishono mifupi ya mkono, juu na chini), uvute uzi nguo ijikunje yenyewe juu ya karatasi. Paka wanga, piga pasi, acha ipoe, toa karatasi. Kwenye ncha kunja mara tatu: kwanza kipembe chenyewe kiingie ndani, halafu ubavu mmoja, halafu wa pili. Kinachojikusanya ni ile nguo ya ziada chini ya ncha, ipunguze kidogo kabla ya kukunja ubavu wa pili. Unaposhona, sindano itoke kwenye ukingo wa mkunjo na kurudi chini papo hapo, uzi wa rangi ya korosho, si wa kitambaa cheupe. Ukifika kwenye ncha piga mishono miwili mahali pamoja. Vaa subana, kile kikofia cha kidole, maana kusukuma sindano kwenye nguo iliyokunjwa kunaumiza kidole.

Mama wa Cherehani
Na mkono utangulie, cherehani ifuate. Korosho ishonwe kiraka kikiwa kidogo, unakishika mkononi. Ukishaunga tandiko zima utaburuta mzigo mapajani.

Kata viraka vya inchi 12 na nusu. Ukiunga kwa robo inchi kila upande, kinabaki cha 12. Saba kwa saba ni viraka 49, inchi 84 kila upande, tandiko linaning'inia vizuri. Makorosho weka kwenye tisa vya katikati tu. Hivyo utamaliza kabla ya mwezi mtukufu kukuchosha. Bandika utepe kwenye bati la cherehani, robo inchi kutoka sindano, nguo iufuate. Kila mshono upigwe pasi kabla ya kuungwa na mwingine.

Mwana wa Pwani
Kuhusu joto: usijaze kitu. Wasiddi wa Karnataka, India, ambao wazee wao walitoka Afrika, wana matandiko ya viraka yanayoitwa kawandi. Wanashona kwa mkono, wakianzia ukingoni na kuzunguka hadi katikati, kwa kawaida bila kujaza pamba, na kwenye kona wanaweka kipande kilichokunjwa wanachokiita ua. Wewe weka kanga kuukuu chini ya viraka, upige bandi za mkono kote.

Binti Ngamiani
Mungu awabariki. Kisutu kiko kwenye beseni sasa hivi. Lingine: nina doti ya "Nani kama mama". Roho inaniuma kuikata jina.

Mama wa Cherehani
Doti ina kanga mbili na jina liko kwenye zote. Moja mpe mama ajifunge, nyingine ikate. Acha nusu inchi juu na chini ya herufi, mshono usije ukala miguu au vichwa vya herufi, halafu ulishone upande wa miguuni, maneno yakimtazama anayeingia mlangoni.