Chujio la mchanga linatoa maji haraka mno, nirekebishe wapi?

chota_maji
Wakuu, naomba msaada. Chujio la mchanga la nyumbani, mwili wa zege, bomba linapanda kwa nje. Nimelifunga koki mwishoni ili maji yasidondoke ovyo. Likijazwa hadi juu, chupa ya lita moja inajaa kwa sekunde 50. Hii ni wiki ya pili na maji yanatoka maangavu kabisa. Kuna ubaya? Na klorini naitia wapi?

fundi_kokoto
Ubaya upo, na si mmoja.

Koki itoe leo. Bomba la chujio hili huachwa wazi, kwa sababu urefu wa mdomo wake ndio unaoamua maji yasimame wapi ndani. Yakitulia yanatakiwa yawe sm 5 hivi juu ya mchanga. Ukifunga koki yanabaki marefu, hewa haifiki kwenye utando hai ulio sm 1 au 2 za juu, na vile viumbe vinavyokula vijidudu vinakufa. Mpira wa kurefusha bomba nao usiufunge: unavuta maji hadi mchanga unakauka.

Kasi: kikomo ni lita 0.4 kwa dakika, yaani lita moja isipungue sekunde 150. Lako linakwenda mara tatu ya hapo. Kwa kawaida sababu ni mchanga mnene (punje zisizidi mm 0.7) au mchanga uliooshwa kupita kiasi, vumbi laini likaondoka lote. Jaribu hivi: mchanga kidogo kwenye chupa angavu, maji safi kiasi hichohicho, zungusha, acha, hesabu hadi nne. Uso wa mchanga uonekane kwa shida kidogo. Ukiuona waziwazi mara moja, umeosha mno.

tone_kwa_tone
Klorini tia kwenye maji ghafi kabla ya kumimina, inaua kila kitu mapema.

fundi_kokoto
Hapana! Itaua na utando wenyewe. Klorini ni ya ndoo ya kuhifadhia, baada ya kuchuja. Na kwa wiki hizi za mwanzo si ya hiari, maana utando huchukua hadi siku 30 kukomaa. Uangavu hautoshi kukuhakikishia.

sahani_ya_matundu
Naongezea ya matumizi. Kati ya mmimino mmoja na mwingine acha angalau saa 1, isizidi 48. Chanzo kiwe kilekile; leo kisima kesho mto kunavuruga utando. Maji ya tope yatulize kwanza kwenye ndoo nyingine.

Angalia pia sahani ya matundu inayokaa juu ya mchanga. Ikipasuka au ikikaa upande, maji yanachimba shimo na kupita hapo bila kuchujwa.

Baadaye likianza kutoa maji polepole mno, usichote mchanga. Mimina maji kama lita 4, ondoa sahani, koroga uso kwa kiganja bila kuzamisha vidole, chota maji machafu kwa kikombe. Rudia hadi kasi irudi. Kisha uhesabu tena siku za utando kupona.

Chumvi, floraidi na aseniki chujio hili haliondoi. Kama shida ni hiyo, tafuta chanzo kingine.

chota_maji
Koki nimeitoa. Maji yametulia sm 9 juu ya mchanga. Nikate bomba?

fundi_kokoto
Usikate. Mchanga wako umepungua. Ongeza sm 4 za mchanga uliochekechwa vizuri na kuoshwa kidogo tu, uumimine ndani ya maji hayohayo, usiyatoe, la sivyo hewa itanaswa katikati. Sawazisha, pima tena kasi tangi likiwa limejaa. Ikibaki chini ya sekunde 150 kwa lita, mchanga wote hauna budi kubadilishwa. Ikifika, anza kuhesabu siku 30 upya, maana utando wa zamani umeufukia.