Mtoto mmoja mafaili matatu, nifanyeje?

Wakuu habari, niko IT kwenye idara ya watoto waliokinzana na sheria, tumehamisha data kutoka eksel kwenda mfumo mpya nikakuta mtoto mmoja ana mafaili matatu, jina limeandikwa tofauti kila mahali na tarehe ya kuzaliwa ni ya kukadiria. Niunganishe kwa jina tu?

Jibu 1: Usithubutu! Ukikosea umembebesha mtoto kesi ya mwenzie. Programu ikuonyeshe yanayofanana tu, kuamua aamue afisa anayemjua mtoto, halafu mpe namba moja ya kudumu.

Jibu 2: Na paswedi je, ofisi nzima mnatumia moja? (msinidanganye) Kila mtu awe na akaunti yake na mfumo uandike nani kafungua faili gani saa ngapi. Kanuni za Beijing za 1985 (za Umoja wa Mataifa kuhusu kesi za watoto), ile ya 21, inataka rekodi hizi ziwe siri kabisa na zisitumike kwenye kesi zake za ukubwani.

Muulizaji: Duh, paswedi ni moja kweli 😅

Jibu 1: Angalia na bakapu (nakala ya akiba ya data), faili lililofutwa kwa amri ya korti ukirudisha bakapu linafufuka, so tunza orodha ya namba za mafaili yaliyofutwa ili uyafute tena.